Moli nne za katikati ya jiji: uchunguze ipi?

Anayetaka kuzielewa moli za katikati ya jiji, yaani majengo ya maduka yaliyofunikwa paa na kufungwa milango pembeni mwa mitaa yenye watu, hukutana na majina manne yaleyale: Midtown Plaza ya Rochester, Water Tower Place ya Chicago, Toronto Eaton Centre, na The Gallery ya Philadelphia. Kila jina lina wa kuliapia. Mwanafunzi wa usanifu majengo akiambiwa achague moja la kuchambua hukwama, na msafiri mwenye siku moja ya mapumziko naye hukwama. Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili yao wote wawili, na kwa yeyote anayekaa kwenye kamati ya mipango miji akisikia neno "moli" likitajwa kama dawa.

Kwanza tujue tulikotoka. Moli kama Wamarekani walivyoizoea ilizaliwa vitongojini. Mwaka 1956, huko Edina, Minnesota, ilifunguliwa Southdale, ya kwanza kufunikwa yote na kupashwa joto au kupozwa kwa mitambo mwaka mzima. Aliyeichora ni Victor Gruen, msanifu mzaliwa wa Vienna aliyekimbilia Marekani mwaka 1938. Ilizungukwa na maegesho pande zote, na wenye magari wakaifuata. Maduka makubwa ya katikati ya miji yakaanza kupwaya. Wenye maduka hayo wakaona dawa ya moto ni moto: na tujenge moli hapahapa mjini.

Paa la kioo juu ya njia ya maduka halikuwa jambo geni. Milano ilizindua Galleria Vittorio Emanuele II mwaka 1867, na Cleveland ina Arcade yake tangu 1890. Lakini hizo kimsingi ni mitaa iliyovikwa paa. Unaingia huku unatokea mtaa wa pili, ukiwa bado mpita njia. Moli ina tabia nyingine. Imejifunga, ina joto lake, mwanga wake na saa zake za kufunga, na barabara imeachwa nje. Kuiweka moli mjini ni kuingiza katikati ya mitaa kitu ambacho asili yake ni kuikwepa mitaa. Kila moja kati ya hizi nne ililijibu tatizo hilo kwa njia yake.

Vigezo

Nimezipima zote kwa mambo matano. Asili: nani aliitaka, na alikuwa anakimbia nini au anakimbilia nini. Umbo: mwanga unaingia vipi, watu wanatembeaje. Mlango: jengo linakutanaje na mtaa, na mtu wa kwanza kufikiriwa na mchoraji alikuwa anakuja kwa nini, gari, treni au miguu. Uzee: nini kilitokea duka kubwa la kuvuta watu lilipokufa (nitaliita duka mama, kwa sababu vidogo vyote hunyonya kwake). La tano ni la kawaida tu: inamfaa nani, na ukienda leo utakuta nini.

Nikiri mapema kwamba nina upendeleo na kigezo cha mlango. Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Kwa nyumba ya kulala, sawa. Kwa moli iliyo katikati ya jiji, mlango ni zaidi ya nusu ya nyumba.

Midtown Plaza, Rochester (1962)

Asili. Wafanyabiashara wawili waliokuwa wakigombea wateja walikaa meza moja. Gilbert McCurdy na Maurice Forman walikuwa na maduka jirani, McCurdy's na B. Forman, na wote wawili waliona kilichokuwa kinakuja kutoka vitongojini. Wakamwita Gruen ayaunganishe maduka yao kwa ukumbi mmoja uliofunikwa. Jiji likachangia kwa kujenga maegesho ya chini ya ardhi ya magari takriban 2,000. Moli ikafunguliwa Aprili 1962, na ndiyo hutajwa kuwa ya kwanza ya aina yake katikati ya jiji nchini Marekani.

Umbo. Gruen alitaka uwanja wa mji kama ile aliyoiacha Vienna, ila wenye paa, maana baridi ya Rochester haina mzaha. Akaweka maduka, ofisi, kituo cha mabasi, na mnara wenye hoteli katika ghorofa zake za juu. Katikati ya ukumbi ilisimama Saa ya Mataifa: nguzo iliyozungukwa na makasha 12, kila kasha na nchi yake. Saa ilipotimia makasha yalifunguka, wanasesere waliovaa mavazi ya nchi zao wakacheza kwa muziki, kisha makasha yakajifunga tena na watu wakaendelea na shughuli zao. Ilikuwa mahali pa kuahidiana kukutana. Msimu wa Krismasi kililetwa kitreni cha reli moja kilichowazungusha watoto juu ya vichwa vya wanunuzi, na hadi leo ukimgusia Midtown Plaza mtu wa Rochester mwenye umri wa kutosha, ataanza na kitreni hicho kabla ya duka lolote.

Mlango. Hapa ndipo penye kasoro. Mgeni aliyefikiriwa kwanza alikuwa mwenye gari. Alishuka na gari lake chini ya ardhi, akapanda ukumbini, akanunua, akashuka, akaondoka. Angeweza kufanya hivyo mwaka mzima bila soli ya kiatu chake kugusa barabara ya mji. Kana kwamba haitoshi, jiji lilijizungushia barabara kuu iliyozamishwa kama handaki la ngome, Inner Loop, iliyokamilika mwaka 1965. Iliwasaidia wa vitongoji kufika haraka, ikawasaidia pia kuondoka haraka, na ikawatenga na moli wale waliokuwa wakiishi umbali wa kutembea.

Uzee. Maduka mama yote mawili yalifunga katika miaka ya 1990. Ukumbi ulioundwa kuyaunganisha ukabaki unaunganisha giza na giza. Mwaka 2008 milango ilifungwa na ubomoaji ukafuata. Mnara ulivuliwa hadi ukabaki mifupa, kisha ukavishwa upya kwa makazi na ofisi. Saa ya Mataifa ilihifadhiwa. Sehemu ya mashariki ya Inner Loop nayo ilifukiwa, kazi ikamalizika mwaka 2017, miaka karibu kumi baada ya moli kufa. Gruen hakuyaona hayo. Alikuwa amerudi Vienna tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1978 alizikataa hadharani moli zilizokuwa zikijengwa kwa kufuata mfano wake, kama baba anayekana kulipa matunzo ya watoto aliosingiziwa. Alifariki mwaka 1980.

Inamfaa nani. Mtu wa historia, na yeyote anayetaka kuona mzunguko mzima, kuzaliwa hadi kufungwa ndani ya miaka 46, kisha kubomolewa. Kazi yako itakuwa ya picha za zamani, ramani na kumbukumbu za watu. Anayetaka kupanda ngazi na kupima upana wa ukumbi kwa hatua zake asije huku.

Water Tower Place, Chicago (1976)

Asili. Hii haikujengwa kuokoa chochote. Michigan Avenue ilikuwa inapanda chati, ardhi yake ghali, na wawekezaji wakishirikiana na duka la Marshall Field's walitaka kuwepo pale penye fedha. Ilipata jina lake kutoka kwa mnara wa maji wa karne ya 19 ulio jirani, mmoja wa majengo machache ya eneo hilo yaliyosalimika katika moto mkubwa wa 1871. Wapo wanaosema moli hii ilizidisha maumivu ya State Street, mtaa wa maduka wa zamani ulio upande wa kusini, kwa kuwavuta wateja wake kaskazini. Sioni namna ya kulipinga hilo.

Umbo. Ardhi ikiwa ghali, unajenga kwenda juu. Jengo zima lina ghorofa 74 na urefu wa mita 262. Hadi mwaka 1990 hapakuwa na jengo la zege la nondo refu kuliko hilo duniani. Moli ilichukua ghorofa nane za chini, juu yake hoteli ya Ritz-Carlton ambayo mapokezi yake yako ghorofa ya 12, na juu zaidi nyumba za watu.

Tatizo la moli ya kwenda juu analijua kila mwenye duka la ghorofani: mtu hupenda kutembea mbele, hapendi kupanda. Duka la ghorofa ya sita si sawa na duka lililo hatua mia sita mbele, hata kama lifti inafika kwa sekunde chache. Wachoraji walilishughulikia kwa maonyesho. Ulipoingia kutoka Michigan Avenue, ngazi za umeme zilikupandisha katikati ya maji yanayoporomoka na mimea, ukafika ukumbini kabla hujajua kuwa umepanda. Humo lifti za kioo zilikuwa zinapaa na kushuka wazi mbele ya macho ya watu, na kupanda kwenyewe kukawa tamasha. Mantiki yake ni hii: mpeleke mtu juu kwa raha, halafu aache uzito wake mwenyewe umshushe ghorofa moja moja. Moli nyingi za ghorofa zilizokuja baadaye zilikopa ujanja huu.

Mlango. Ni mmoja wa fahari, na kuuzunguka kuna kuta. Ukipita pembeni mwa jengo hili unapita kando ya marumaru ya kijivu isiyo na la kukuambia. Lakini Michigan Avenue tayari ilikuwa na watu wake, watalii na wakazi wenye uwezo, kwa hiyo kosa lile halikuumiza kwa muda mrefu. Na waliolala hotelini na wanaoishi juu walikuwa wateja waliokwisha kuwa ndani ya jengo, faida ambayo Midtown Plaza na hoteli yake ndogo haikuipata kwa kiasi hicho.

Uzee. Lord & Taylor, duka mama lake la pili, ilitoka mwaka 2007. Marshall Field's iligeuka Macy's mwaka 2006, na mwaka 2021 Macy's ikafunga. Mwaka uliofuata mmiliki aliiacha moli mikononi mwa mkopeshaji. Hoteli na makazi ya juu hayakutikisika kwa namna hiyo, jambo linaloonyesha kwamba katika jengo la matumizi mengi sehemu moja inaweza kuugua huku nyingine zikiendelea kula vizuri.

Inamfaa nani. Mwanafunzi wa usanifu anayehangaika na kiwanja kidogo na maagizo mengi, na anayechunguza fedha za majengo. Ukienda, usitarajie shamrashamra za zamani. Nenda ukaangalie mifupa yake na namna watu wanavyosogezwa.

Toronto Eaton Centre (1977)

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu kuna mengi ya kutazama.

Asili. Eaton's ilikuwa zaidi ya duka. Timothy Eaton alifungua lake Toronto mwaka 1869, na katalogi zake zilifika hadi mashambani kote Kanada. Katikati ya miaka ya 1960 kampuni ilileta mpango wa kubomoa karibu kila kitu kwenye eneo kubwa la katikati ya jiji, likiwemo jengo la zamani la halmashauri la mwaka 1899, ambalo lingebakiziwa mnara wake wa saa tu, na kanisa la Holy Trinity la mwaka 1847. Wakazi wakakataa. Mpango ukafa mwaka 1967. Uliporudi katika miaka ya 1970 ulikuwa umefundishwa adabu: jengo la halmashauri limeachwa, kanisa limeachwa, na moli imelazimika kujipinda na kurefuka kati ya vilivyobaki. Sehemu ya kwanza ilifunguliwa Februari 1977, ya pili 1979. Kwa maoni yangu jengo lilipendeza kwa sababu lilikataliwa kwanza. Kama lingeruhusiwa kufagia kila kitu, lisingelazimika kuwa uchochoro mrefu, na urefu ule ndio uzuri wake.

Umbo. Eberhard Zeidler na ofisi ya Bregman + Hamann waliitazama Milano. Njia ya takriban robo kilomita inakwenda sambamba na Yonge Street chini ya kuba la kioo, na maduka yamepangwa ngazi juu ya ngazi pande mbili, ya juu yakikaa nyuma kidogo ili jua lifike chini. Mabomba ya hewa na vyuma havikufichwa, vyeupe vyote, na reli za veranda zinakukumbusha meli. Mpango wake ni wa dambeli: uzito ncha mbili, mpini katikati. Eaton's ilikaa kaskazini, mshindani wake Simpson's kusini ng'ambo ya Queen Street kupitia daraja, na mtu aliyetoka moja kwenda nyingine alipita mbele ya maduka yote ya katikati. Ndani kuna chemchemi ambayo kila baada ya muda hurusha maji juu kwa ghafla, na ukiwa ghorofa ya pili unamwona mtoto akiikodolea macho akisubiri irudie.

Na wale bata bukini. Upande wa kusini, chini ya kioo, wananing'inia 60, mbawa zimenyooshwa, kana kwamba wanajiandaa kutua kwenye duka la viatu. Ni kazi ya msanii Michael Snow, iitwayo Flight Stop. Krismasi moja mwanzoni mwa miaka ya 1980 uongozi wa moli uliwafunga bata hao utepe mwekundu shingoni. Snow akaenda mahakamani, akasema kazi yake imefanyiwa mzaha na jina lake limeguswa. Mwaka 1982 mahakama ya Ontario ilimpa haki, tepe zikatoka, na kesi hiyo bado inafundishwa kwa wanasheria wa haki za wasanii. Mimi naitaja kwa sababu ya kiusanifu: bata wale hawakuwa pambo la msimu, walikuwa sehemu ya namna ukumbi unavyosomeka. Waondoe bata wale, na mwanga wote ule unabaki hewa tupu.

Mlango. Vituo viwili vya treni ya chini ya ardhi, Queen kusini na kile kilichoitwa Dundas kaskazini, vinaingia moja kwa moja. Njia za chini kwa chini za jiji zinazoitwa PATH nazo zinafika. Kwa hiyo siku ya kazi hupita umati wa watu ambao hawakuja kununua chochote. Wanakata njia tu, na wengine kati yao hukumbuka kuwa nyumbani sabuni imeisha. Lakini lisemwe pia: kwa miaka mingi ubavu wa Yonge Street ulikuwa wa kuta na maegesho ya juu, na moli ikanyonya uhai wa mtaa maarufu kuliko yote mjini. Baadaye tu ndipo ubavu huo ulifunguliwa na maduka yakapewa milango ya kutazama nje.

Uzee. Eaton's ilifilisika mwaka 1999. Ikaingia Sears, ikatoka. Ikaingia Nordstrom mwaka 2016, ikatoka 2023. Hudson's Bay, iliyokuwa imerithi duka la Simpson's, ilifunga maduka yake mwaka 2025. Maduka mama manne yamezikwa, na watu bado wanapita. Ncha za kwanza za dambeli zimetoka, mpini ukaendelea kutumika, jambo ambalo nadharia ya moli inasema haliwezekani.

Inamfaa nani. Msafiri, mpiga picha, mwanafunzi wa mwanga na mwendo wa watu, na anayechunguza nguvu za wakazi dhidi ya mwekezaji. Hasara yake ni kwamba imeandikwa na kuchambuliwa sana. Ukitaka kusema jipya juu yake, jiandae kutafuta.

The Gallery, Philadelphia (1977)

Asili. Hii ni ya serikali ya mji kuliko nyingine zote. Edmund Bacon, aliyeongoza tume ya mipango ya jiji hadi 1970, alikuwa na ndoto ya Market Street upande wa mashariki ambapo treni, maduka na ofisi vingeungana. Mamlaka ya uendelezaji upya ya jiji ikashirikiana na Rouse Company, na Agosti 1977 moli ikafunguliwa ikiwa na Strawbridge & Clothier na Gimbels kama maduka mama. Kampuni hiyohiyo mwaka mmoja kabla ilikuwa imefungua Faneuil Hall Marketplace huko Boston kwa njia tofauti kabisa, majengo ya soko ya zamani na hewa ya nje. Ukiweza, ziweke hizo mbili sambamba.

Umbo. Kumbi zenye mwanga kutoka juu, ngazi kadhaa, ya chini ikiungana na njia za treni. Mwaka 1983 iliongezwa sehemu ya pili, na mwaka 1984 ikafunguliwa stesheni ya Market East iliyounganisha mitandao miwili ya reli za abiria iliyokuwa mbalimbali.

Mlango. Kwa maneno mengine ilikuwa na treni kuliko hata Toronto. Nani angefikiri ingeshindwa? Kwa wanaoamini kwamba treni peke yake inaokoa moli, mimi nikiwemo zamani, Gallery ni somo gumu. Abiria alipita chini, mtaa ukabaki juu na ukuta. Kwa Market Street jengo lilionekana kama mgongo wa mtu aliyekasirika. Kwa upande mwingine, wengi mno huitaja kwa dharau isiyostahili. Kwa miongo kadhaa ilijaa watu, wengi wao Wamarekani weusi wa kipato cha kawaida, vijana waliotoka shule, akina mama waliobadili treni hapo. Wateja walikuwepo. Ambacho hakikuwepo ni wateja ambao wenye jengo waliwataka.

Uzee. Gimbels ilikwisha miaka ya 1980, Strawbridge's mwaka 2006. Moli ilifungwa mwaka 2015, ikafunguliwa tena Septemba 2019 kwa jina la Fashion District Philadelphia, miezi michache kabla ya janga la korona. Mwaka 2022 timu ya mpira wa kikapu ya 76ers ilitangaza mpango wa kujenga uwanja juu ya sehemu yake. Wakazi wa Chinatown ya jirani walipinga vikali, na Januari 2025 timu ikaachana na mpango huo.

Inamfaa nani. Anayechunguza siasa za mji, usafiri, na swali la moli ni ya nani. Kwa uzuri wa jengo peke yake, ni ya mwisho kati ya nne.

Zikikaa meza moja

Ukizitazama kwa asili, Midtown na Gallery zilijengwa kwa hofu ya kupoteza mji, Water Tower Place kwa tamaa ya kipato, Eaton Centre kwa yote mawili. Kwa umbo, Toronto na Chicago ndizo zinazostahili kuchorwa upya kwa mkono, moja ikiwa imelala, nyingine imesimama. Kwa uzee hakuna iliyotunza duka mama lake la kwanza hata moja, kwa hiyo usimpe alama msanifu kwa sababu ya duka lililodumu, wala usimnyime kwa lililofunga.

Mlango ndio unaozitenganisha kweli, lakini si kwa namna niliyokuwa nadhani. Nilianza nikiamini kipimo ni idadi ya milango na treni. Gallery imenivuruga. Sasa nauliza jambo dogo zaidi: mtu asiyenunua kitu ana sababu ya kupita ndani, na akitoka anatokea mahali penye maana? Toronto, ndiyo mara mbili. Philadelphia, ndiyo halafu hapana. Chicago, sababu ilikuwa kustaajabu, na kustaajabu huchuja. Rochester, alitokea kwenye gari lake.

Chagua kwa hali yako

Una muhula mmoja na huwezi kusafiri: Midtown Plaza. Habari yake imefungwa, ina mwanzo na mwisho, na haitabadilika ukiwa unaandika ukurasa wa 40.

Kiwanja chako darasani ni chembamba na mwalimu anataka matumizi matano: Water Tower Place, ukianza na mchoro wa mkato wa wima kabla ya ramani ya chini.

Unakaa kwenye kamati na mwekezaji ameleta picha nzuri za paa la kioo: soma Gallery kwanza, halafu mpango wa Eaton uliokataliwa mwaka 1967. Kisha mwombe mwekezaji akuonyeshe mchoro wa ubavu unaotazama barabara, si ule wa ndani.

Unapima namna jengo linavyowahudumia watu wa kipato tofauti: Gallery tena, na zungumza na waliokuwa wakiitumia kabla ya 2015, maana ripoti za wawekezaji hazitakupa sauti zao.

Una saa moja tu, na uko Toronto: shukia Queen, ingia kwa kusini, inua macho uwaone bata, tembea mpaka kaskazini bila kununua, na utokee Yonge Street. Halafu rudi ulikotoka, safari hii kwa nje, ukihesabu milango.